Aliyefika Langoni kwa Miguu Yake

Mwikali alizikwa upande wa Kilungu, kwenye shamba la mume wake, na ardhi ilikuwa imelowa hivi kwamba vijana waliochimba kaburi walilazimika kuchota maji kwa karai kabla jeneza halijateremshwa. Nilikaa chini ya turubai na wanawake wa kanisa lake, fimbo yangu katikati ya magoti. Mchungaji, kijana ambaye hakumjua sana, alisema marehemu alikuwa mama mkweli ambaye uongo haukuwahi kupita mdomoni mwake. Niliinamisha kichwa watu wasinione nikitabasamu. Mwikali alikuwa mwongo hodari kuliko wote niliofanya kazi nao, na nilimpenda hivyo. Baada ya mchanga kurudishwa, mwanamke mmoja mzee alinishika mkono kwa nyuma, akaniita. Nilimtambua kwa sauti kabla ya kugeuka. Alikuwa Syombua, binti wa Mzee Kilonzo. Akasema, "Usirudi Kitui bila kupita kwangu. Mbaazi ziko tayari, na nimekuwekea." Nikamwambia nitapita. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikajua kwamba nisipoandika habari za mwaka ule sasa, hakuna mwingine atakayeziandika, maana Mwikali ndiye aliyekuwa shahidi wangu.

Ya nyumbani kwetu Kabati, huko Kitui, nitayaacha, hayana tofauti na ya wengine. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani muda wa kutosha kuchokwa, ndipo nikasikia kanisani kwamba kuna kituo huko milimani Kilungu, cha kutunza wazee na watu waliopooza, kinachotafuta wasichana. Kituo kilikuwa na wodi mbili ndefu za mawe, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, na katikati yake baraza pana ambalo sakafu yake ya saruji tuliisugua kila siku mpaka ikang'aa kama sufuria. Kwenye ukuta wa jiko moshi ulikuwa umechora mti mweusi uliofika hadi dari. Jikoni ndiko tulikokula, tukikalia magunia ya mahindi, na chakula kilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, Jumatatu, muthokoi Jumanne, na siku ya Jumapili muthokoi na kipande cha nyama ambacho Mwikali alikuwa akikisalimia. "Habari ya siku nyingi," alikiambia kile kipande, "nyumbani hawajambo?" Mwikali alikuwa wa Kilungu hapohapo na alinitangulia miezi michache. Aliponiona na sanduku langu la mbao alisema, "Huyu wa Kitui amebeba jeneza lake kabisa." Tukawa marafiki tangu hapo.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Damaris, mwuguzi wa kanisa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na kona kali. Hakutufundisha kwa ubao. Kila msichana mpya alipewa mgonjwa mmoja, akaambiwa, "Huyu ni wako." Ulimwogesha, ulimlisha, ulimgeuza kitandani ngozi yake isioze, ulimfunga leso kiunoni na kuishika kwa nyuma akijifunza kusimama. Siku ambayo mtu wako alitembea kutoka barazani hadi langoni kwa miguu yake, kituo kizima kilitoka kuimba, na Sista Damaris alikuvalisha mkanda wa buluu juu ya aproni. Mkanda ulimaanisha umekuwa mwuguzi msaidizi, una mshahara na una kitanda chako. Asiye na mkanda alilala na mwenzake. Tulilitamani lango lile kama watoto wanavyotamani sikukuu. Kitu kimoja sikukitilia maanani mwanzoni. Mgonjwa akiwa bado njiani kuelekea langoni, kabla wimbo haujaisha, msichana mwingine alikuwa ndani akitoa shuka za kitanda chake. Aliyefika langoni alikuwa amepona, na aliyepona hakurudi ndani. Vitanda vilikuwa vichache.

Mtu wangu alikuwa Mzee Kilonzo. Alikuwa amepooza upande wa kulia, na mdomo wake ulining'inia kidogo, lakini macho yalikuwa ya mtu anayehesabu ng'ombe. Alipatikana amelala shambani kwake alfajiri, na aliyempata alikuwa Muthiani, mtoto wa ndugu yake. Muthiani ndiye aliyemleta kituoni, na ndiye aliyekuja kumwona mara nyingi kuliko mtu yeyote. Sijawahi kuona mgeni mwenye adabu kama yule. Alivua kofia akiwa bado mbali. Alileta ndizi, alileta soda, akamfuta baba yake mkubwa mate kwa kitambaa chake mwenyewe. Sista Damaris alitwambia tumtazame huyo, hivyo ndivyo mtoto anavyopaswa kuwa. Kila alipoondoka alisimama nami karibu na mlango na kuuliza swali lilelile, kwa sauti ileile ya chini.

"Anatembea?"

"Bado," nilimjibu miezi ile ya kwanza, na ilikuwa kweli.

"Msimharakishe," alisema. "Mzee akichoshwa anaweza kuanguka tena."

Nilidhani ni upendo. Labda baadhi yake ulikuwa upendo, sijui. Mimi nasema niliyoyaona.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Nyasi za bondeni ziliisha, na upepo ulileta vumbi jekundu hadi ndani ya uji. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza kwenye zile reli mbili za mbao tulizotumia kufundishia, nami nilikuwa nimemshika kwa leso, nikatoa sauti ya furaha. Akaniziba mdomo kwa mkono wake mzima. Kisha akaniambia, maneno yakitoka polepole kama mtu anayetafuna mwiba, "Mwanangu, usimwambie mtu. Tutatembea asubuhi kabla wageni hawajafika. Wakija, mimi ni mgonjwa."

Nilimwuliza kwa nini. Akanieleza akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, huku Mwikali akijifanya anapanguza dirisha. Wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja sehemu ya kwao, kila mtu apate shamba lake kwa karatasi. Kamati ya wazee ilikuwa imekata shauri kwamba mpaka wenye ubishi utaonyeshwa na shahidi aliyekuwepo ulipowekwa, na shahidi atautembea mwenyewe, kwa miguu, kutoka jiwe hadi jiwe. Haelekezi kwa kidole akiwa amekaa. Habebwi, kwa sababu mtu akibebwa, anayembeba ndiye anayechagua njia. Kulikuwa na kipande kule chini karibu na chemchemi, pale michungwa inapozaa hata wakati wa kiangazi. Mzee alikuwa amempa Syombua, binti yake aliyerudi kutoka kwa mume na watoto watatu. Ndugu ya Mzee, baba yake Muthiani, alikuwepo siku ile ya kupanda mkonge wa mpaka, lakini ndugu alikuwa amekufa, na mkonge ulikuwa umeng'olewa na mtu asiyejulikana. Aliyebaki anayejua mpaka unapopita alikuwa yeye peke yake.

"Na nisipotembea," alisema, "mpaka utapita pale Muthiani atakaposema unapita."

Mwikali aliacha dirisha. "Mzee, ile alfajiri ulianguka au uliangushwa?"

"Nilisikia hatua nyuma yangu," Mzee Kilonzo alisema. "Halafu nikaamka hapa. Hatua si ushahidi."

Tangu siku hiyo kituo kilibadilika machoni pangu, ingawa kuta zilikuwa zilezile. Nilianza kusikia viatu vya Muthiani kwenye saruji kabla hajafika mlangoni. Mzee alipovisikia, mabega yake yalishuka, mdomo ulilegea, mkono uliokuwa umeanza kushika kijiko ulilala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa. Na lile swali likaja. Mimi kusema uongo siwezi, si kwa wema, ni kama mtu asiyeweza kupiga mluzi. Uso wangu unanisaliti. Kwa hiyo nilikuwa nikishika beseni na kuondoka, na Mwikali ndiye aliyejibu.

"Anatembea?" Mwikali alicheka kwa huzuni nzuri sana. "Huyu? Kaka, huyu hata nzi akitua puani anamwachia. Wewe tuletee ndizi tu, mengine mwachie Mungu."

"Mungu ni mwema," Muthiani alisema.

"Sana," Mwikali alisema.

Mvua ilianza alasiri moja bila ngurumo. Huko kwetu ukitaka kuona nchi ikibadilika, kaa wiki moja baada ya mvua ya kwanza. Kilima kilichokuwa kama mfupa kilipata manyoya ya kijani. Kumbikumbi walitoka ardhini jioni wakalijaza baraza, na wagonjwa waliokuwa hawajacheka mwaka mzima walinyoosha mikono kuwakamata. Tuliwakaanga kwa chumvi tukawalisha wale wasioweza kushika. Lakini msimu ule ulikuwa pia wa watu kuwaleta wazazi wao. Kila nyumba ilikuwa shambani kuanzia asubuhi, na bibi aliyepooza hakuwa na wa kumwangalia, basi aliwekwa juu ya mkokoteni na kuletwa kwetu hadi mavuno. Walikuja wakiwa wamefunikwa magunia, maji yakiwachuruzika. Wasichana wenye mashamba nao waliomba ruhusa kwenda kupanda. Sista Damaris alizunguka wodini akihesabu vitanda kwa macho, na nilimsikia akimwambia mpishi jikoni, "Atakayeweza kusimama mwezi huu, atasimama. Sina pa kuweka watu." Mpishi alisema, "Yule mzee wa msichana wa Kitui amenona." Nilikuwa nyuma ya mlango na sufuria ya uji. Uji ulinimwagikia mguuni na sikulia.

Taarifa ya kupima ilikuja na mtoto wa shule aliyetumwa na Syombua. Mzee alimwomba Sista Damaris ruhusa ya siku moja, na Sista akatoa pikapu ya kituo, mimi na Mwikali tukakaa nyuma naye, tumemfunika karatasi ya nailoni. Miti ilikuwa inadondosha maji, na kila mahali kulikuwa na harufu ya udongo uliolimwa. Tulipofika, wazee wa kamati walikuwa wamekaa juu ya mawe, mpimaji amesimama na mti wake wenye mistari, na Muthiani alikuwa ameegemea jembe. Alipoona pikapu alitabasamu. Alipoona Mzee Kilonzo akishusha mguu wa kwanza, kisha wa pili, kisha akichukua fimbo yake na kusimama, tabasamu halikuondoka. Ndicho kilichonitisha. Lilibaki palepale usoni kama shati lililosahauliwa kwenye kamba.

Nilimfunga mzee leso nikaishika kwa nyuma, tukaanza. Udongo ulishika miguu yake kila hatua. Alisimama kwenye jiwe la kwanza, akaonyesha. Akasimama penye shimo la mkonge uliong'olewa, akachokonoa kwa fimbo, mizizi ikaonekana bado iko chini. Wazee wakanong'onezana. Hapo Muthiani akasema kwa upole, "Wazee wangu, nampenda baba yangu, lakini yule msichana anamwongoza."

Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyevaa koti la mvua la jeshi, alisema, "Aliye nyuma anaongozaje?"

"Kwa leso. Farasi huongozwa kwa kamba."

Wengine walicheka. Mwenyekiti alifikiri kidogo, kisha akaniambia, "Fungua, binti. Amalize mwenyewe."

Kilichobaki kilikuwa mteremko hadi chemchemi. Nilimtazama Mzee Kilonzo, naye akasema, "Fungua." Mafundo yalikuwa yamelowa, nikayafungua kwa meno. Nilikuwa nimemfundisha jinsi ya kuanguka, kwa sababu sisi tulifundisha kuanguka kabla ya kufundisha kutembea: usiiachie fimbo, ibane, ishuke nawe, lalia ubavu mzima. Alianguka mara moja kwenye ule mteremko. Alianguka hivyohivyo, fimbo kifuani, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Akajikokota, akaegemea fimbo, akainuka na tope upande mmoja wa uso. Syombua alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mzee akafika kwenye pembe, akaigonga ardhi. "Hapa." Mpimaji akaweka kigingi. Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Muthiani.

Akamkimbilia, akamshika bega. "Baba, kumbe umepona," alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Na sisi huko tunaambiwa nzi wanakushinda." Akamtazama Mwikali. Kisha akasema, "Basi kituo hakina kazi nawe tena. Tutakuja kukuchukua."

Njiani kurudi Mwikali alimfuta mzee tope usoni kwa kanga yake. Tulipofika, Sista Damaris alikuwa barazani, na dereva alikuwa wa kwanza kusema. "Sista, mzee ametembea shamba zima." Miwani ya Sista ilipanda. Kando yake, kwenye sakafu, bibi mmoja alikuwa amelala juu ya godoro kwa kukosa kitanda. Mwikali akasonga mbele yangu.

"Alibebwa, Sista. Dereva alikuwa kwa gari, hakuona vizuri. Tulimbeba mimi na huyu. Miguu yake ilikuwa inaburuta tu."

Ulikuwa uongo mkubwa na aliusema vizuri. Niliona Sista akianza kuuamini. Nilijiambia nisiinue uso. Lakini aliyeongea alikuwa Mzee Kilonzo, akiwa amesimama, ameshika nguzo.

"Nilitembea," alisema. "Hawa watoto hawakunigusa."

"Mzee," Mwikali alimwambia kwa Kikamba, chini kwa chini, "nyamaza ulale kitandani kwako."

"Nikisema nilibebwa, mpaka umeanguka," alisema. "Maneno yana miguu. Yatafika kwa kamati kabla ya kesho. Nilitembea, Sista. Andika hivyo."

Nilimwambia Sista Damaris habari za hatua za alfajiri. Nilimwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama lile godoro la sakafuni. "Mtoto wa ndugu yake ndiye mgeni mwaminifu kuliko wote tulio nao," alisema. "Na binti yake yuko hapohapo nyumbani. Siwezi kumnyima mtu kitanda kwa sababu ya sauti ya miguu." Hakusema kwa ubaya. Mimi pia, ningekuwa yeye, sijui ningesema nini.

Kesho yake tuliimba. Mzee Kilonzo alitembea kutoka barazani hadi langoni, na Syombua alikuwa amesimama nje na nguo safi za baba yake. Kando yake Muthiani, kofia mkononi. Nyuma yangu niliwasikia wenzangu wakitoa shuka. Mzee aliponifikia alisema, "Umenisimamisha, mwanangu. Usisikitike kwa kazi nzuri." Sista akanivalisha mkanda. Ulikuwa mpya, mgumu, ukanibana, nami nilisimama nao langoni mpaka wakapotea kwenye kona, Muthiani akiwa amemshika mzee kiwiko, polepole, kwa uangalifu wote.

Aliishi hadi maharagwe yalipochanua. Syombua alikuja kutuambia mwenyewe. Tulimketisha jikoni, tukampa chai, hakuinywa. Alisema baba alitoka asubuhi kuangalia maji ya chemchemi, kama alivyozoea, na alipochelewa alimfuata. Alimkuta kifudifudi kwenye pembe, karibu na kigingi, uso ndani ya maji yasiyofika kifundo cha mguu. Chifu alikuja akatazama. Wote walisema alianguka. Mtu aliyepooza huanguka, hilo halishangazi.

"Na fimbo?" niliuliza.

Syombua alinitazama. "Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye mchungwa," alisema. "Imesimama vizuri."

Mpishi aliacha kukoroga. Sista Damaris alikuwa mlangoni, alikuwa amesikia, na nilimwona akivua miwani na kushindwa kuirudisha kwa sababu ule uzi ulikuwa umekatika mkononi mwake. Akatoka akakaa peke yake barazani hadi giza. Siwezi kusema nilimwona Muthiani akifanya jambo lolote. Sikumwona. Hakuna aliyemwona. Nilichokijua ni vile nilivyomfundisha mzee kuanguka, na fimbo ile haikuanguka naye.

Baada ya hapo Sista Damaris alituita sote. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna atakayefika langoni kabla mmoja wetu hajaenda kule anakokwenda, akala nao, akalala nao, akasikiliza. Kitanda kitasubiri, hata kama wengine watalala sakafuni. Kazi hiyo alimpa Mwikali. "Wewe unajua kusema uongo," alimwambia, "kwa hiyo utausikia." Mwikali aliifanya miaka yote mpaka alipostaafu, kutoka mji mdogo wa Salama hadi vilima vyote vya huku, na zaidi ya mara moja alirudi akasema, "Huyu haendi," na hakwenda. Mkanda hakuwahi kuuvaa. Alipopewa aliufungia mlango wa choo uliokuwa haukai umefungwa.

Nilipita kwa Syombua jana, kama nilivyoahidi. Tulikula mbaazi na nazi kidogo ambayo mjukuu wake alileta kutoka mjini, na mimi nikasema mbaazi hazihitaji nazi, naye akasema ndivyo anavyomwambia kila siku. Kisha akasema twende tuone mpaka. Mvua ilikuwa imekatika. Mteremko unateleza hata sasa, na Syombua, bila kuniuliza, alinifunga leso yake kiunoni akaishika kwa nyuma. Mkonge aliopanda upya umekuwa mnene kuliko mtu. Michungwa bado ipo. Ng'ambo ya mkonge kuna nyumba ya matofali, na mbele yake, juani, mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi magotini, kofia juu ya blanketi. Alitutazama muda mrefu. Kisha akainua mkono, kwa adabu.

"Sista," aliniita, kwa sauti ileile ya chini. "Bado unatembea?"

"Natembea," nilimjibu.

Tukashuka hadi kwenye pembe, nikasimama pale penye maji. Syombua alisema nipumzike kidogo, niegemeze fimbo kwenye mti. Nilikataa. Niliibana kifuani kwa mikono yote miwili mpaka tukarudi juu.